Kusoma hadithi za vita: anza na chakula na mizigo, bunduki baadaye

Wasomaji wengi wa riwaya za vita husoma mapigano kwa makini na kuzipitia haraka kurasa za safarini. Wanajua nani alipigwa risasi na katika sura ya ngapi, lakini ukiwauliza jeshi lilikula nini wiki ile, kimya. Kwa vita vya Afrika Mashariki kosa hilo ni kubwa, kwa sababu njaa na maradhi viliua wengi kuliko risasi. Wajerumani walikadiria kwamba vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907 viliua Waafrika 75,000. Wanahistoria waliokuja baadaye wametaja 250,000 hadi 300,000, na wengi wa hao hawakufia vitani bali walikufa kwa njaa baada ya mashamba na maghala kuchomwa moto.

Mwongozo huu unahusu riwaya, tamthilia, hadithi fupi na tenzi za vita, kwa mtu mzima anayesoma peke yake, kwa kikundi, na kwa mzazi au mwalimu anayesoma na watoto. Mifano mingi inatoka Maji Maji na Vita Kuu ya Kwanza upande wa Tanganyika, lakini njia ni ileile kwa vita vingine.

Kuchagua kitabu

Usichague kwa jalada wala kwa sifa za nyuma ya kitabu. Ukiwa dukani au maktaba, fungua sehemu tatu: kurasa kumi za mwanzo, ukurasa ambapo adui anatokea kwa mara ya kwanza, na tukio kubwa la mauaji (mara nyingi liko baada ya theluthi mbili za kitabu). Kurasa za mwanzo zinakuonyesha kama mwandishi ana watu au ana bendera tu. Ukurasa wa adui unakuonyesha kama huyo adui ana jina, njaa, mama na woga wake. Tukio la mauaji linakuonyesha kama mwandishi anaumia anapoandika au anafurahia.

Katika ukurasa wa adui, tazama kama anaitwa mnyama au mdudu, na ni nani anayemwita hivyo. Mhusika akisema, huo ni ushahidi wa chuki ya wakati wake, na riwaya nzuri huhitaji ushahidi wa aina hiyo. Msimulizi mwenyewe akisema, kitabu chote kikakubaliana naye, kirudishe rafuni. Redio ya RTLM nchini Rwanda mwaka 1994 ilikuwa ikiwaita Watutsi mende, na kila msomaji wa eneo hili anajua yaliyofuata.

Maandalizi: nusu saa, si zaidi

Kabla ya sura ya kwanza, tafuta vitu vitatu: ramani, tarehe nne au tano, na majina ya vyeo. Ukisoma historia nzima kwanza utageuka karani wa kukagua makosa, na riwaya utaikosa. Usiposoma chochote, utachanganya vita viwili kuwa kimoja, jambo linalowapata wengi wanaofikiri Maji Maji na Vita vya Wajerumani na Waingereza ni jambo moja.

Kwa Maji Maji: kung'olewa kwa pamba Nandete, Umatumbini, Julai 1905, kunyongwa kwa Kinjeketile Ngwale, mganga aliyegawa maji yaliyoaminika kuzuia risasi, huko Mohoro tarehe 4 Agosti, shambulio la boma la Mahenge tarehe 30 Agosti, kunyongwa kwa viongozi wa Wangoni Songea tarehe 27 Februari 1906. Kwa Vita Kuu: mapigano ya Tanga Novemba 1914, na kujisalimisha kwa von Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani, huko Abercorn, leo Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya vita kwisha Ulaya. Ukikutana na mhusika anayekufa vitani tarehe 12 Novemba 1918, utaelewa kwa nini mwandishi hakutaja tarehe 11, siku vita vilipokoma Ulaya.

Vyeo vya askari wa Wajerumani vinawasumbua wasomaji wa leo. Ombasha ni kama koplo, shaushi ni sajini, efendi ni afisa mweusi. Akida na jumbe si askari bali watu wa utawala, na katika hadithi za Maji Maji wao ndio huchukiwa kwanza, kwa kuwa ndio waliosimamia kodi na mashamba ya pamba, kiboko mkononi. Andika maneno haya kwenye kikaratasi na ukiweke kama alama ya kitabu.

Daftari la safu nne

Chukua daftari la kawaida, ulaze ukurasa na uchore safu nne: wakati, mahali, chakula, aliyepotea. Kila ukimaliza sura, jaza mstari mmoja. Dakika mbili zinatosha.

*Wakati* si tarehe tu. Andika msimu. Vita vya Maji Maji vilianza mavuno yakiwa yamekwisha kuwekwa ghalani, na mvua za kusini huanza Novemba au Desemba. Kwa hiyo kijiji kilichochomwa Oktoba kilipoteza chakula kilichopo pamoja na mbegu za kupanda, na njaa iliyofuata ilidumu mwaka mzima na zaidi. Mwandishi anayejua kazi yake hatakueleza hayo. Atakuonyesha tu mwanamke akitazama mawingu bila jembe mkononi. Safu ya wakati ndiyo inayokusaidia kulitambua tukio hilo.

*Chakula* andika hata kama ni neno moja: mtama, muhogo, ming'oko, hakuna. Baada ya sura tano au sita soma safu hiyo peke yake kutoka juu hadi chini. Mara nyingi utaona riwaya nzima ikishuka ngazi: wali, ugali, uji, mizizi, kimya. Ikiwa safu ni tupu kitabu kizima, na wahusika wanatembea miezi sita porini, basi mwandishi hakufanya utafiti au amechagua kutengeneza ngano ya mashujaa. Unaweza kuendelea kusoma, ila ujue unasoma nini.

*Aliyepotea* ni safu ya wale wanaotoweka bila kuagwa: mpishi aliyetajwa mara mbili, mtoto wa jirani, mke wa pili wa askari. Katika vita vya kweli wengi hupotea hivyo. Lakini pia kuna mwandishi mzembe anayewasahau wahusika wake. Namna ya kutofautisha: mwandishi makini huacha pengo lionekane, mtu akaulizia, au sahani ikabaki. Mzembe hata pengo haliachi.

Hesabu ya mzigo

Hapa inafaa kukaa kidogo, kwa sababu hesabu moja inafungua riwaya nyingi za Vita Kuu ya Kwanza.

Chukua mpagazi mwenye mzigo wa kilo 25 za unga, anayekula kilo 1 kwa siku. Jeshi liko mwendo wa siku 10 mbele. Kwenda anakula kilo 10, kurudi kilo 10. Zinazomfikia askari ni kilo 5. Sasa chukua askari 100 wanaokula kilo 100 kwa siku: lazima wapagazi 20 wafike kila siku, na kwa kuwa kila mmoja yuko njiani siku 20, wanahitajika wapagazi 400 barabarani muda wote kuwalisha askari 100. Hapo hujaweka risasi, dawa, mahema wala mtu kuugua. Jeshi lilikuwa na njia mbili: kuongeza wapagazi kwa nguvu, au kula cha vijiji lilikopita. Lilifanya yote mawili.

Ndiyo maana Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi zimebeba jina la kikosi cha wapagazi cha Waingereza, Carrier Corps. Na ndiyo maana, upande huo wa Waingereza, wapagazi waliokufa walikuwa wengi mara nyingi kuliko askari, karibu wote kwa kuhara, malaria na njaa. Ukiwa na hesabu hii kichwani, maswali ya kusomea yanakuja yenyewe. Nani amebeba? Alikamatwa au alikuja? Je, mwandishi amempa jina? Msafara ukigawanyika, mzigo wake anapewa nani?

Riwaya ya Abdulrazak Gurnah *Afterlives* (2020) inafaa kujaribia njia hii, kwa kuwa mmoja wa wahusika wake wakuu anaingia askari wa Wajerumani, na maisha ya safari, amri na majeraha yanapewa nafasi sawa na vita yenyewe. *Peponi*, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya riwaya yake ya 1994, inafaa kusomwa kabla yake: vita havijafika, lakini safu ya chakula na ile ya aliyepotea zinaanza kujaa mapema.

Bunduki nazo zina la kusema. Mwaka 1914 askari wengi wa Wajerumani bado walikuwa na bunduki za mtindo wa 1871, zenye baruti nyeusi inayotoa moshi mwingi. Mpigaji aliyejificha kichakani alionekana mara tu alipofyatua. Ukisoma tukio la askari wa 1914 anayepiga risasi kumi bila kugunduliwa alipo, weka alama ya kuuliza pembeni. Ni jambo dogo, lakini mwandishi aliyekosea hapo ana uwezekano wa kukosea kwingine.

Anayesimulia, na alikuwa wapi

Uliza maswali mawili kila baada ya sura tatu: msimulizi aliona kwa macho au ameambiwa? Na anasimulia siku ileile au miaka mingi baadaye? Anayesimulia baadaye anajua mwisho, na hawezi kutojua. Huruma yake kwa watakaokufa inaanza kabla hawajafa.

Angalia pia kauli ya kutendwa. “Kijiji kilichomwa.” Na nani? “Watu sita waliuawa.” Mwandishi akiificha mikono ya mtendaji mara moja, huenda ni mtindo. Akiificha kila mara upande mmoja unapoua na kuitaja kila mara upande wa pili unapoua, ana upande wake. Pigia mstari kwa penseli vitenzi vya sura moja tu na utaona.

Msimulizi mtoto anahitaji uangalifu zaidi. Katika *Petit Pays* ya Gaël Faye (2016), kijana anayekulia Bujumbura anaona nchi ikiharibika baada ya kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye Oktoba 1993. Anayoyaona na anayoyaelewa ni mambo mawili. Tia nukta pembeni kila anaposimulia kitu asichokielewa lakini wewe unakielewa. Nukta zikikusanyika, ujue hatari inakaribia, hata kama watoto bado wanaiba maembe.

Historia na ubunifu visichanganywe

Ebrahim Hussein, katika utangulizi wa tamthilia yake *Kinjeketile* (1969), aliweka wazi kwamba Kinjeketile wake ni kiumbe cha ubunifu na si yule wa historia. Bado kila mwaka wanafunzi huandika kwenye mitihani ya historia mambo waliyoyasoma jukwaani. Kinjeketile wa kweli alinyongwa vita vikiwa na siku chache tu. Wa tamthilia anaishi hadi maji yanashindwa, kwa sababu mwandishi anamhitaji: anataka kumweka mbele ya swali gumu, kama atalikana neno lake ambalo sasa limekuwa kubwa kuliko yeye. Bila kubadilisha tarehe, swali hilo lisingekuwapo.

Kwa hiyo fanya hivi. Baada ya kumaliza, gawa mambo makuu katika mafungu matatu: yanayojulikana, yanayowezekana, yaliyotungwa. Kisha shughulika na fungu la tatu. Kila kilichotungwa kina sababu. Usiseme “mwandishi amekosea tarehe”. Uliza amepata nini kwa kuibadilisha. Ikiwa hajapata chochote, hapo amekosea kweli.

Tenzi zina sheria zake. Utendi wa Tambuka ulitungwa Pate mwaka 1728 kuhusu vita vilivyotokea Bara Arabu zaidi ya miaka elfu moja kabla. Mtunzi hakuviona, na hakuna aliyemtaka aseme ameviona. Mashujaa wanakata vichwa kwa mamia kwa kuwa utenzi wa vita hutaka hivyo. Usome kwa sauti, vipande vinne vya mizani nane, beti ishirini kwa mkao mmoja. Ukisoma kimyakimya utachoka baada ya beti kumi na kulaumu utenzi.

Kusoma na watoto

Kwanza, kitabu chenye msimulizi mtoto si lazima kiwe kitabu cha watoto. Kosa hili hufanyika hata kwenye maktaba za shule. *Allah n'est pas obligé* ya Ahmadou Kourouma (2000) inasimuliwa na mtoto aliyekuwa askari Liberia na Sierra Leone, na ni kitabu cha watu wazima kabisa. *Petit Pays* nacho kiache hadi miaka 15 au zaidi.

Soma kitabu chote mwenyewe kabla ya kumsomea mtoto. Hakuna njia ya mkato hapa. Wakati unasoma, tia alama mahali pa kukatia, kisha panga umri kama ifuatavyo, ukijua kwamba mtoto wako unamjua wewe.

Miaka 6 hadi 8: hadithi za kungoja na za kuondoka. Baba yuko mbali, au familia inahama na kuchagua cha kubeba. Vita vinasikika, havionekani. Mtu mzima mmoja wa kutegemewa abaki na mtoto hadi mwisho wa kitabu. Jihadhari na hadithi za wanyama wanaopigana, ambapo kila kabila limepewa aina yake ya mnyama. Zinaonekana laini, lakini zinamfundisha mtoto kwamba watu wanatofautiana kama simba na mbuzi, na kwamba mmoja kumla mwenzake ni maumbile.

Miaka 9 hadi 12: kifo kinaweza kuwapo, kwa sentensi chache bila maelezo ya jeraha. Umri huu unapenda ramani, hesabu na silaha. Wape hesabu ya mzigo hapo juu waifanye wenyewe kwa mawe na kokwa. Wataikumbuka kuliko tarehe zozote.

Miaka 13 na kuendelea: anza kuwapa hadithi zisizo na upande safi. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vinafaa, kwa sababu kijana wa Tanzania ameshasikia hotuba ya Nyerere (uwezo tunao, sababu tunayo, nia tunayo) na hajawahi kujiuliza mkulima wa upande wa pili wa Mutukula, mpakani na Uganda, alikula nini mwezi ule.

Kusoma kwa sauti kuwe kwa dakika 15 hadi 20, sawa na maneno 1,500 hadi 2,000 kwa mwendo wa kawaida. Soma alasiri, si kitandani. Usikatie mahali pa hatari ili kuwavuta warudi kesho, ingawa mbinu hiyo ni nzuri kwa hadithi za wapelelezi. Katia mahali ambapo watu wamekula, wamelala au wamevuka mto. Ukifika pazito kuliko ulivyotarajia, sema wazi: “Hapa nafupisha.” Usiruke kwa siri. Mtoto atakifungua kitabu mwenyewe siku moja, na atakachojifunza ni kwamba wewe huficha.

Maswali yatakuja, na kwa kawaida ni yaleyale.

“Ni kweli?” Jibu: vita ilikuwapo, mtu huyu ametungwa. Ikiwa ni kweli yote, sema ni kweli.

“Nani walikuwa wabaya?” Rudi kwenye tendo: nani alichoma ghala, nani aliamuru, nani alificha watu. Mtoto anaelewa matendo kuliko majina ya pande.

“Vita vitakuja kwetu?” Mtoto wa Dodoma na mtoto wa Goma hawapewi jibu moja. Usitoe ahadi usiyoweza kuitimiza. Mwambie yuko na nani sasa, watu wazima wanafanya nini kumlinda, na mngekwenda wapi pamoja. Jibu la sentensi mbili au tatu linatosha. Maelezo marefu humtisha kuliko swali lake.

Baadaye toa karatasi na kalamu za rangi. Usitafsiri mchoro, sema tu “nisimulie picha yako.” Wakicheza vita siku mbili tatu, waache, ni namna yao ya kuelewa. Kinachotakiwa kukushtua ni mchezo uleule usiobadilika kila siku, ndoto mbaya, kujikojolea kulikoanza upya, au kukataa shule. Simamisha kitabu, mrudishe kwenye ratiba yake ya kawaida. Hali ikidumu zaidi ya mwezi mmoja, mpeleke kwa mtaalamu wa afya ya akili au anza na kituo cha afya kilicho karibu.

Darasa au kikundi chenye waliopitia vita

Karibu na kambi za wakimbizi kama Nyarugusu na Kakuma, au katika miji ya Ulaya na Marekani wanakoishi Wakongomani na Warundi wengi, chukulia kwamba mtu wa aina hiyo yumo chumbani hata kama hajasema. Watangazie kitabu wiki moja kabla, pamoja na kilichomo: mauaji, ubakaji, njaa, chochote kilichomo. Mtu apewe nafasi ya kutokuja bila kueleza sababu. Mpangilio wa viti uache njia ya mlangoni wazi.

Kamwe usimwombe mtu athibitishe riwaya kwa maisha yake. “Wewe ulikuwa huko, ilikuwa hivi?” ni swali linalovunja vikundi vingi, kwa sababu linamgeuza mwenzenu kuwa kitabu cha pili. Maswali yote yaelekezwe kwenye ukurasa: nani amebeba, nani hana jina, kwa nini sura imekatwa hapa. Akitaka kusimulia yake, atasimulia, na hapo kikundi kifunge kitabu na kumsikiliza bila kulinganisha. Mada ya mkutano isirudishwe kwa haraka.

Watu sita hadi wanane wanatosha, saa moja na nusu, sura nne au tano kwa mkutano. Mmoja asome safu ya chakula ya daftari lake kwa sauti mwanzoni, wengine waongeze walichokiona. Mtashangaa mara ngapi msomaji mmoja ameandika “hakuna” mahali ambapo mwenzake aliona karamu ya maafisa. Anzeni mjadala hapo, kwa kurudi pamoja kwenye ukurasa huo na kuusoma tena.